Fungate Yetu ya Kuigiza

Luzira, Kampala
Jumatano mchana

Mama yangu mpendwa,

Ni mimi Nafula, mtoto wako wa pili. Goti lako linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua uliyonunua sokoni imesaidia chochote? Hapa mvua inanyesha kila alasiri na mwili wangu ni mzima. Moyo ndio hauko salama, Mama, na sitakuficha. Isome barua hii peke yako, mlango ukiwa umefungwa. Usimpe Nekesa akusomee, hata kama umesahau miwani kanisani.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani anayo Nekesa, na kila ninachomwambia mdogo wangu humfikia shemeji yake, mume wangu Barasa, kabla sijavuta pumzi. Simu yangu mimi ilichukuliwa siku ya pili. Yule wakala anayetupeleka Asia, ambaye hapa wote humwita Ssalongo, yaani baba wa mapacha, alisema anabadilisha laini. Laini mpya sasa iko kwenye simu ya mume wangu. Kwa hiyo ukipata ujumbe unaosema tuko sawa na tunakula vizuri, haukutoka kwangu, ingawa kula kweli tunakula.

Tulipoondoka Bungoma tuliambiwa kazi ni katika hoteli kubwa huko ng'ambo, Barasa jikoni na mimi kwenye vyumba, na kwamba hapa tungengoja viza siku tatu tu. Hii ni wiki ya tatu. Tumehamishwa hoteli nne, na hii ya sasa iko karibu na ziwa, dirisha la chumba chetu likitazama upande wa gereza. Kila jioni tunatakiwa tuwe mezani, tumevaa nguo alizotuchagulia Ssalongo. Yeye hukaa meza ya jirani na chai yake, akitutazama.

Haya anayaita mafunzo. Anasema askari wa uwanja wa ndege huwashuku watu wanaokwenda kutafuta kazi, lakini mume na mke walio katika fungate hawaulizwi mengi. Basi mimi na Barasa, miaka kumi na moja ya ndoa na watoto wawili unaotulelea wewe, tunafundishwa kuwa maharusi. Tunashikana mikono juu ya kitambaa cheupe. Ananilisha samaki kwa uma, mimi nacheka. Siku ya kwanza nilicheka kweli, maana Barasa unamjua, nyumbani huomba chumvi bila hata kukutazama. Ssalongo akaniambia, "Nyabo," ndivyo wanavyomwita bibi hapa, "cheka kidogo. Bibi ya fungate haicheki kama mtu ya sokoni." Nikajifunza kucheka kidogo.

Kosa letu, Mama, lilikuwa adabu. Ulitulea kwamba mtu akikukaribisha mezani pake humwulizi anataka nini kwako. Unanawa, unakula, unashukuru. Tukafanya hivyo. Alipoomba pasipoti tulikuwa na matoke mdomoni, tukampa. Alipoomba vitambulisho tulikuwa hatujamaliza supu, tukampa pia. Tungekuwa watu wasio na haya tungeuliza, na pengine leo ningekuwa hapo napalilia maharagwe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaelekea siku ya ishirini na jembe hatujaliona, tunaongezewa nyama tu. Mbuzi akilishwa namna hii kwetu, kila mtu nyumbani huwa anajua ni kwa sikukuu gani.

Jumapili Ssalongo alihamia meza yetu. Ikaletwa luwombo, kuku mzima aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, na firigisi yake ikiwa juu. Wewe ndiye uliyenizaba kofi nikiwa na miaka saba kwa kudokoa firigisi ya Baba, na hapa pia nasikia desturi ni hiyo hiyo, ni ya mwenye nyumba. Nikaichukua kwa kijiko nikamwekea mume wangu. Barasa akaitazama, kisha akaihamishia kwenye sahani ya Ssalongo. Ssalongo naye hakukataa hata kwa heshima, akaila. Nilijua pale pale kwamba mwenye nyumba wetu sasa ni yule mtu, na kwamba mume wangu amekwisha kubali.

Tuliporudi chumbani nikamwuliza amemwahidi nini. Barasa alivua viatu polepole.

"Kuna kijana Mkongo amekosa mwenzake," akasema. "Hawezi kusafiri peke yake. Ssalongo anatafuta msichana mwenye pasipoti."

"Msichana gani?"

"Nekesa anayo. Na ameshakubali. Nikimleta huyo, kule nitakuwa msimamizi, sitaosha sufuria za watu."

Mama, hiyo kazi ya saluni ya Eldoret anayokuambia haipo. Ni maneno aliyofundishwa na shemeji yake. Ijumaa atapanda basi la Kampala, aje alishwe samaki na mwanamume asiyemjua. Wewe husema kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilifunga nacho ndoa kanisani, nawe ukapiga vigelegele.

Yupo mhudumu hapa anaitwa Akello, binti wa mwanajeshi kutoka kaskazini, Kiswahili alikipata kambini. Jana Barasa alipokwenda msalani, alikuja kupangusa makombo mbele yangu.

"Madamu, nyinyi mnajua huyu mzee?"

Nikamwambia tunamjua kidogo.

"Mwezi ile imepita, bwana na bibi walikaa meza hii hii. Wakenya kama nyinyi. Walikuwa nakula na kucheka, hivi hivi. Siku ya kuenda, yule bibi aliniachia namba ya dada yake, nimusalimie. Mimi napigia huyo dada kila Jumapili. Yeye ndio anauliza mimi, eti ndugu yangu iko wapi."

Nikaweka uma chini.

"Kula, madamu," akasema. "Mzee anaangalia." Akaondoka na sahani.

Ni Akello aliyenikutanisha na Mama Sikuku, mwenzetu wa Kimilili anayeuza vitunguu katika soko la Kalerwe na kuvileta jikoni hapa kila Jumatano. Anarudi nyumbani kwa basi la jioni hii na ameniahidi kwamba kesho atakuwa mlangoni pako kabla hujaenda shambani. Mama, ichome pasipoti ya Nekesa. Najua tulivyohangaika kuipata, ichome tu. Akilia mwache alie. Kisha mjomba Simiyu aipeleke barua hii polisi, asingoje mkutano wa ukoo.

Ndege ni Jumamosi na mimi sitaipanda. Akello atanifungulia mlango wa jikoni Ijumaa, gari la samaki likiingia. Ningeweza kujaribu hata leo, lakini naogopa nikitoroka mapema watamwita Nekesa haraka, afike hapa asinikute. Kwa hiyo nabaki mezani nacheka kidogo mpaka Mama Sikuku ampigie Akello kwamba yuko kwako. Naogopa sana, Mama. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku tulipomzika Baba.

Nisalimie wanangu, yule mkubwa mwambie asiache kumshika mdogo wake mkono wakivuka barabara. Msalimie shangazi wa posho mill, pale tunaposaga mahindi, na mwalimu jirani yetu aliyetuandikia fomu, na mjomba Simiyu, ambaye alituonya nasi tukamwona ana wivu. Mwambie nilikosea.

Niombee kwa jina langu la ubatizo na la nyumbani, yote mawili.

Binti yako,
Nafula

Nyongeza. Barasa ameingia sasa hivi anapiga mluzi, nikaficha karatasi chini ya mto mpaka akatoka. Ameniambia nivae gauni jekundu mapema, kwa kuwa leo meza imeandaliwa watu wanne, yule Mkongo na mwenzake watakula nasi. Nikamwambia leo ni Jumatano, mwenzake ametoka wapi. Akasema, "Mbona unamjua." Mama Sikuku ananingoja jikoni, siwezi kuandika zaidi. Mama, asubuhi ya leo Nekesa alikuaga akasema anakwenda wapi?