Jicho la Kushoto

Jumanne, 4 Februari 2025

Maabara ya kwanza ya bayolojia, chuoni hapa Grand Prairie. Wanafunzi ishirini, mimi bibi yao. Utando wa kitunguu, tone la iodini, kioo chembamba juu. Miss Charlotte, mwalimu, akasema hadubini hizi ni za macho mawili: mtaona maduara mawili, sogezeni mpaka yawe moja. Watoto wakahangaika. Mimi kuinama tu — duara moja, safi. Seli zimepangana kama matofali, kila moja na kiini chake. Wa kwanza darasani! Clothilde, Mkongo ninayekaa naye meza moja, akasema huyu mama alizaliwa na hadubini.

Kichwa kikanivimba. Miaka kumi na moja nimesoma damu ya malaria kwenye zahanati kule Malindi, leo nachora kitunguu na watoto. Haidhuru. Nimalize kozi hii, niombe nafasi ya ufundi wa maabara, niache kazi ya kubeba mizigo ghalani.

Alhamisi, 6 Februari

Seli za shavu. Clothilde akaniita: "Mama Lubna, angaliya, kwangu duara iko mbili." Nikaangalia. Moja. Akashikilia ni mbili. Nikamwambia aende akapimwe macho. Miss Charlotte akaja, akachungulia: mbili.

Akanitazama kidogo, kisha akanifunika jicho la kulia kwa kadi. Ukungu. Katikati kitundu kidogo, basi.

Nikasema nimechoka, nimetoka kazini.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeziba la kulia, nikamtazama mwanangu Lubna akila mezani. Pua naiona. Masikio hayapo. "Mom, what are you doing?" Nikamwambia ni mazoezi.

Ijumaa, 14 Februari

Houston, kwa basi. Binamu yangu Hamdiya anafanya kazi kwa daktari wa macho, akanipenyeza. Shuaib nimemwambia naenda kumwona mtoto wa Hamdiya. Mume wangu hajawahi kunidanganya, na mimi nimemdanganya bila hata kumeza mate.

Glakoma. Daktari anasema jicho hufa kuanzia pembeni, polepole, mwenyewe hajui. La kushoto limeanza miaka kumi iliyopita, labda zaidi. La kulia nalo limeanza. Kuna matone, yatapunguza mwendo. Kilichokwenda hakirudi.

Hamdiya akasema pole dada, shukuru umejua mapema. Mapema! Nimelia chooni kwake, maji nimeyafungulia.

Jumapili, 16 Februari

Sikulala. Miaka kumi. Nimehesabu mara tatu na jibu halibadiliki: nilikuwa bado Malindi.

Hadubini yetu kule ilikuwa ya jicho moja. Nilitumia la kushoto, kila siku.

Yule mtoto wa kijiji cha Kakuyuni. Mama yake alimleta mara mbili, mara mbili nikaandika hakuna vimelea. Hospitali kubwa walimkuta navyo tele. Hakupona. Nikasema rangi ya kupaka damu ili vimelea vionekane ilikuwa mbovu. Wilfred, mwenzangu pale zahanati, ndiye aliyekuwa akiichanganya. Aliapa mbele yangu kwamba ni nzuri, nami nikamwambia mkuu wetu rangi ya Wilfred ni maji. Akahamishwa mbali, na mkewe mjamzito.

Niliamini nilichosema, wallahi. Hainisaidii. Na wengine je, ambao mama zao hawakurudi kuuliza?

Alhamisi, 20 Februari

Miss Charlotte kaniita kando. Anasema wapo mafundi wazuri wenye jicho moja, niandike ukweli kwenye fomu ya kuomba nafasi ya maabara, watanipima. Mwema. Hajui ninaloogopa.

Jumamosi, 22 Februari

Shuaib karudi na lori kutoka Oklahoma. Hata viatu hajavua vizuri, kasema lete hiyo fomu tuijaze. Yeye anasoma, yeye anatia alama. Akafika kwenye swali la kama nina tatizo la macho, akacheka. "Macho haya? Haya yamesoma damu ya mji mzima." Akatia alama ya hapana kabla sijafungua kinywa. Akasema mwakani atawaambia watu wa msikitini, mke wangu ni mtu wa maabara.

Nikimwambia, ataniuliza tangu lini. Nikimjibu tangu lini, yule mtoto atakaa nasi hapa mezani, na Wilfred pia. Nisipomwambia, nitapewa damu ya watu niisome tena.

Imebaki sahihi yangu tu. Yuko chumbani, anaswali alasiri. Fomu iko chini ya daftari hili, na kalamu ni hii hii. Namsikia anatoa salamu.