Nilichomwambia Furaha Kliniki

Durban, Jumapili

Yaya Neema, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia sana, wewe na watoto. Mguu wa mama umepona? Mimi hapa Greyville mwili ni mzima na kazi ya saluni inaendelea. Ila roho haijatulia, na sijamwambia mtu yeyote.

Kuna mama wa Uvira, Furaha, tunakaa naye jengo moja. Ana watoto wawili, mume alimwacha. Alipogundua ana mimba nyingine akaamua kuitoa. Hapa sheria inaruhusu, kliniki ya serikali wanafanya. Kiingereza hajui, akaniomba nimtafsirie.

Nesi alieleza vizuri. Mimba ni ya wiki tisa. Anaweza kumeza kidonge kimoja palepale, vingine avitumie nyumbani baada ya siku moja au mbili. Tumbo litamkaza na damu itatoka. Ama wamfanyie kliniki, mimba ivutwe kwa mrija mdogo, dakika chache.

"Muulize anachagua nini," akaniambia.

Yaya, mimi mwimbaji wa kwaya niliona nikiyasema yale, ni kama nimeitoa mimba pamoja naye. Nikamgeukia Furaha: "Anasema umechelewa. Hawawezi tena." Akainama. Nesi nikamdanganya kwamba mwenzangu anataka kwenda kufikiri.

Wiki mbili nilijiona nimeokoa mtoto. Halafu Furaha akaja saluni na karatasi aliyoibandua kwenye nguzo ya robot, ndivyo hapa wanavyoita taa za barabarani. Mtu anauza vidonge vya kutoa mimba kwa simu. Jina hana, kliniki hana.

"Nisomee. Anasema nimkute wapi?"

Nikamtoa nje, nikamweleza ukweli wote.

"Kumbe yale hayakuwa maneno ya nesi?"

"Yalikuwa yangu."

"Nilikuomba mdomo, Espérance. Sikukuomba shauri."

Kesho yake tulirudi. Nesi akampima: wiki kumi na moja. Muda wa vidonge vya nyumbani umepita, imebaki njia ya mrija. Safari hii nilitafsiri yote. Walimdunga ganzi, akauma meno, akanishika mkono kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kushika. Haikufika robo saa. Akapumzika, tukapanda taxi mpaka nyumbani.

Amepona, Mungu asifiwe. Kuhusu ile mimba, sijui nikuambie nini. Ninachojua ni kwamba alikaa karibu yangu akinitegemea, nami nikamwongopea, na kidogo tu angeishia kwa yule wa karatasi.

Juzi alirudi kuangaliwa. Alikwenda na dada mmoja wa Tanzania anayeuza simu, ndiye amtafsirie. Mimi aliniachia watoto. "Wape ugali saa sita," akasema, akashuka ngazi.

Nisalimie shemeji mwalimu na baba mdogo seremala. Najua mama atakuomba umsomee barua hii. Msomee yote, usinifichie.

Ni mimi mdogo wako,
Espérance