Pindo la Miaka Ishirini

Mdogo wangu mpenzi,

Cherehani imepona. Mimi bado, ila mdomo ni mzima kama unavyoujua.

Uliniandikia nisifungie pesa kwa muda mrefu. Hisa ninazo, akiba ya benki ninayo, kwa hiyo jana nikaenda kuongeza mfuko wa hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani kuikopesha serikali ilipe baadaye kwa riba.

Karani akakitazama kichwa changu kisicho na nywele. "Mama, huu ni wa kusubiri miaka ishirini. Upo wa muda mfupi."

"Nipe huo mrefu, mwanangu. Hata sare za shule nazishona na pindo la mtoto kukulia."

Daktari amenipa miaka miwili. Sikumwomba ushauri wa uwekezaji.

Kwenye fomu, penye mrithi, nimekuandika wewe, lakini usikae mkao wa kula: pesa hizo nitazichukua mwenyewe.

Dada yako mbishi