Baba Hakanyagi Portsmouth

Jumapili, 8 Juni

Mimi ni mke wa mtu. Siku ya kwanza kamili. Nimeamka nikamkuta Ellis amelala mdomo wazi, mkono unaning'inia nje ya kitanda, nikawaza: huyu wote ni wangu, pamoja na kukoroma kwake. Dirisha wazi. Kelele za shakwe. Harufu ya bahari, na ya mkate ulioungua kwa jirani wa chini.

Niandike ya jana kabla hayajapoa. Kanisa dogo la Winchester, maua meupe matupu — mekundu, rangi ya timu yetu, yangewaudhi wa kwao; ya buluu, rangi ya timu yao, yangewaudhi wa kwetu. Watu waliuliza kwa nini Winchester, mimi wa Southampton na Ellis wa Portsmouth, na hakuna kati yetu mwenye hata shangazi kule. Jibu ni Baba. Winchester haina ugomvi na mtu.

Baba alinishika mkono hadi mbele ya padri. Akanibusu kwenye paji la uso, akaninong'oneza, "Nimekufikisha Winchester, mwanangu. Huko Portsmouth utakwenda mwenyewe." Kisha akampita Ellis kama apitavyo nguzo, akaenda kukaa.

Miji miwili, maili ishirini kati yake, bahari moja, na chuki ya mpira isiyo na dawa. Wao hutuita takataka. Sisi huwaita taa, wale samaki bapa wanaojifukia matopeni. Kwa wengi ni utani. Kwa Baba si utani. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikwenda kuangalia mechi huku, vijana fulani wakampokonya skafu ya marehemu babu, aliyofumiwa na bibi, wakaitupa baharini mbele ya macho yake. Akaapa hatakanyaga tena ardhi ya Portsmouth. Miaka arobaini na minne sasa. Kaendesha kreni bandarini kwetu hadi kustaafu, kaona meli za dunia nzima, lakini hapa, basi.

Jumapili ijayo ni Siku ya Akina Baba. Nimemwalika chakula cha mchana, hapa kwetu. Mama kasema, "Mwalike tu. Kusikia atasikia." Nataka aone ninapoishi. Nataka ampe mume wangu mkono. Hayo mawili tu.

Jumatatu, 9 Juni

Fungate yetu haina ndege wala hoteli. Ellis amepewa likizo ya wiki kwenye kivuko anachofanyia kazi, kile cha Gosport, mji wa ng'ambo ya bandari, na ameapa kunitembeza kama mgeni. "Umekaa hapa miezi minane," kasema, "na unachojua ni njia ya kwenda kwa daktari wa meno." Kweli. Napokea wagonjwa pale, narudi nyumbani, nalala.

Leo mnara! Ule mweupe wa bandarini, uliotuna kama tanga lililojaa upepo. Kwetu tulifundishwa kuucheka. Lifti ilipofunguka sikucheka. Bahari yote pale chini, imekunjuka kama shuka. Manowari za kijivu. Kisiwa cha Wight karibu kiasi cha kushikika. Na kivuko cha Ellis, kidogo kama mdudu wa majini, kinakwenda Gosport na kurudi, kinakwenda na kurudi.

Kuna sakafu ya kioo. Ellis kavua viatu, kalala chali katikati yake, mikono chini ya kichwa. Mimi nimeweka kidole gumba cha mguu, nikakitoa. Mama mmoja mwenye watoto akamwambia, "Kijana, unaziba mandhari." Akajibu, "Mama, mimi ndiyo mandhari." Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Upande wa magharibi, mbali, niliona vyuma vimesimama. Nikapiga picha nikamtumia Baba: "Naona kreni zako." Kimya mchana kutwa. Tukiwa tunaosha vyombo vya jioni, simu ikalia.

"Hizo si kreni. Hicho ni kiwanda cha mafuta cha Fawley. Shule ulikwenda kufanya nini?"

Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu harusi. Nimeibusu simu, yenye povu la sabuni.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya meli za kale. Nilidhani nitachoka. Nimerudi sauti imenikauka kwa kusema "tazama, tazama."

Ile Mary Rose iliyozama karibu miaka mia tano iliyopita — ubavu mzima wa meli, mbao nyeusi, gizani, na wewe unapita pembeni yake kama unapita mbele ya mtu aliyelala. Lakini kilichonigusa si meli. Ni vitu vyao. Viatu vilivyopinda kufuata mguu wa mwenyewe. Mifupa ya mbwa wao. Vitana vya mbao, na katikati ya meno yake chawa wa wakati ule, wapo bado. Nikawaza kuna mke mahali alimchagulia mtu kitana kile. Nikalia kidogo. Ellis alinipa mkono wa shati lake nifutie.

Kisha Victory, meli ya vita ya zamani, bado nzima. Dari ya sitaha ya ndani iko chini, na mume wangu ni mrefu. Mlinzi alisema, "Inama." Akainama. "Inama zaidi, bwana." Paa! Mlinzi akasema bila kubadili uso, "Wa kumi na moja tangu asubuhi." Nimembusu palipovimba.

Picha ya Mary Rose kwa Baba. Jibu limekuja baada ya dakika tano, si saa tano:

"Ilizama mfalme wao akiitazama kutoka ufukweni. Watu wa huko hata kuelea hawajui."

Ellis kaisoma, kaguna. "Mwambie sisi tuliiopoa." Nikamwambia. Baba hakujibu, lakini Mama kanipigia kunong'ona kwamba Baba yuko sebuleni anacheka peke yake.

Jumatano, 11 Juni

Ufukweni na Bibi Beryl. Ndiye bibi yake Ellis, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Baba yake Ellis aliondoka, hakurudi, na hasemwi. Bibi ana miaka themanini na mbili, anaogelea kila asubuhi, hata Januari. Hajawahi kula nyanya mbele za watu kwa sababu ya rangi.

"Njoo hapa, takataka yangu mpya," akaniambia, akanikumbatia akiwa bado amelowa.

Tumekula samaki na chipsi juu ya kokoto, siki tele. Shakwe mmoja kaninyakulia kipande mkononi, Bibi akasema yule wa Southampton, kamfahamu kwa tabia. Baadaye tukapanda boti ya kukanyaga pedeli kwenye ziwa dogo, ile yenye shingo ya bata maji. Ellis anakanyaga, mimi napiga picha, Bibi kando anatuelekeza kama nahodha wa manowari. Jua. Nyumba nyeupe nyuma ya majani ya uwanja mkubwa. Sikujua mtu anaweza kuupenda mji kwa siku tatu. Najisikia kama msaliti, na ni usaliti mtamu.

Bibi kaniuliza kuhusu Jumapili. Atatusaidia kuoka nyama, kasema, lakini kama mzee haji, asitumiwe salamu zake.

Alhamisi, 12 Juni

Ile meli inayoelea juu ya hewa! Inatoka majini, inapanda ufukweni kama kiboko, inashusha pumzi, inakaa. Dakika kumi tu, tuko Ryde, Kisiwa cha Wight. Tumekula aiskrimu, tumetembea gati refu hadi mwisho, tumerudi. Nywele zangu hazitengenezeki tena.

Nimemtumia Baba picha. Kajibu: "Kelele nyingi kwa safari fupi. Kama mechi zao."

Anajibu kila siku sasa. Lakini la Jumapili halijibu. Nimeuliza mara mbili.

Ijumaa, 13 Juni

Ellis kaniamsha saa kumi na mbili asubuhi, "Vaa, inatoka leo." Tukaenda kwenye Mnara wa Duara, ule wa mawe pale mdomoni mwa bandari, ambapo njia ya maji ni nyembamba mno, meli inapita unaona nyuso. Manowari ilikuwa inaondoka kwa miezi saba. Juu ya mnara wamejaa wake, mama, watoto mabegani. Shuka zima limeandikwa "RUDI UMALIZE KUPAKA RANGI CHOONI". Mabaharia wamepanga mstari sitahani, wamenyooka kama vijiti, wamekatazwa kupunga mkono. Mwanamke jirani yangu hakulia. Alikuwa anahesabu kofia. "Wa tisa kutoka nyuma," kasema. "Tisa. Nimemwona. Basi." Na akaanza kulia hapo.

Ellis kanishika kiuno. Nikawaza: mume wangu husafiri dakika nne, kisha hurudi. Ee Mungu, asante kwa dakika nne.

Mchana, ujumbe wa Baba:

"Jumapili tutakuwa Gosport, saa tano. Gosport si Portsmouth. Ukitaka kuniona utaniona."

Mama baadaye kwenye simu: "Mwanangu, nimesukuma nilipofikia. Hapo ng'ambo ya maji ndipo breki ziliposhika."

Jumamosi, 14 Juni

Tumegombana. Mara ya kwanza tukiwa mke na mume. Ellis kaitwa kazini kesho, mwenzake anaumwa, nikamwambia avae shati zuri chini ya sare ya kivuko. Kasema, "Simwombi mtu anipende, Bryony. Alinipita kama nguzo mbele ya bibi yangu." Nikasema ni mzee, ana ukaidi wake. Kasema, "Wewe angalau unaye baba wa kukukaidi."

Nilimenya viazi. Baada ya muda akaja akachukua kisu cha pili, tukamenya wote. Viazi vingi kuliko watu.

Lakini shati kalipiga pasi.

Jumapili, 15 Juni

Naandikia kwenye benchi la kivuko, daftari magotini. Leo sitangoja jioni.

Saa tano nilikuwa Gosport. Baba alikuwa ameketi karibu na kituo cha basi, tai shingoni, mfuko wa nyanya za bustani yake miguuni. Mama pembeni. Baba akanikumbatia, akasema, "Gosport pazuri."

"Len," Mama akamwambia Baba, "kaa utulie."

Ng'ambo ya maji mnara unawaka jua, manowari, paa za nyumba, kila kitu nilichompigia picha. Alikuwa anavitazama kimoja kimoja. Nikamwambia nyama iko jikoni. Nikamwambia nyumba yangu ina madirisha matatu na nataka ayaone. Akasema, "Mwanangu, niliapa." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu mwenye goti bovu.

Mama ndiye aliyesema, "Kivuko si ardhi. Na maji ni ya mfalme."

Baba alifikiri mpaka kivuko kikafika. Kisha akachukua mfuko wake.

Ellis alikuwa mlangoni, shati limenyooka. "Karibuni, Bwana Whitlock. Mama, angalia ngazi." Baba akaitikia kwa kichwa, ila kichwa kililielekea boya. Dakika nne. Tukagonga gati la Portsmouth, Ellis akafunga kamba, watu wakashuka. Mama akashuka. Baba kakaa.

Kawaida abiria wote hushuka. Ellis akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akainua kichwa, akamwambia nahodha kule juu, "Mmoja amependa mandhari." Nahodha akasema, "Kalipa kwenda na kurudi?" "Kalipa." "Basi ni rubani sasa." Mama akapanda tena, anatikisa kichwa.

Tukaenda Gosport. Tukarudi. Tukaenda. Tukarudi. Mara ya pili na ya tatu Baba aligeukia upande wa maji. Alikuwa anaangalia bandari, na mara moja nilimsikia, chini kabisa: "Finyu. Lakini nzuri."

Nikampigia Bibi Beryl, nyama isiungue. Hakuniacha nimalize. Kivuko kiliporudi kwa mara ya nne alikuwa gatini, kigari chake cha sokoni kimejaa sahani zilizofunikwa foili. Ellis akakibeba ndani.

"Nasikia kuna takataka imekwama kwenye kivuko cha mjukuu wangu," Bibi akasema, akikaa mbele ya Baba goti kwa goti.

"Na mimi nilikuwa najiuliza," Baba akasema, "harufu ya taa inatoka wapi."

Mama alifunika uso. Bibi akafunua sahani, akaiweka mapajani mwa Baba. Akaitazama. Akala. Abiria wa Jumapili wanatupita na baiskeli zao, wanatazama mchuzi.

"Viazi vimekauka," Baba akasema.

"Vimekauka kwa kukusubiri, mzee mzima. Miaka arobaini na minne."

Hapo akacheka. Sijui alikusudia kucheka. Kisha wakaanza mechi za kabla sijazaliwa, nani alimfunga nani, mwamuzi gani alikuwa kipofu, na Bibi akamuuliza kwa nini kanuna miaka yote hiyo. Baba akamwambia habari za skafu. Zote, hata rangi ya uzi. Bibi akamsikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hao walikuwa washenzi, mwanangu," na akamwongezea mchuzi.

Mara ya tano sasa, tukiwa karibu na upande wa Portsmouth, Ellis alipita kati yetu kuchukua kamba. Baba akaweka uma chini.

"Kijana."

Ellis akageuka. Ndilo neno lake la kwanza kwa mume wangu.

"Zamu yako inaisha saa ngapi?"

"Saa kumi, Bwana Whitlock."

Baba akatazama saa yake. Saa saba na nusu. Akatazama gati, ngazi ikishuka, watu wanateremka, barabara pale juu na basi limesimama. Akavua koti, akalikunja taratibu, akaliweka kando yake kwenye benchi.

"Basi," akasema. "Nitakungoja. Hakuna haraka."

Tumeondoka Portsmouth tena. Hakuna aliyeshuka kati yetu. Mama ananishika mkono na kuuminya, Bibi anakusanya sahani, na Ellis anakunja kamba ametupa mgongo, anaikunja, anaifungua, anaikunja upya, masikio yake mekundu —