Mende Katika Kopo la Tisa

Kyela Mjini,
Alhamisi asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wote wa hapo Ikombe. Mgongo unaendeleaje? Maumivu yamepungua tangu mdogo wangu Keziya alipoanza kukuchimbia udongo, au bado unamtoroka na kwenda kuchimba mwenyewe? Mimi mwili wangu ni mzima. Ila kuna jambo lililotokea Jumatatu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu yako, Mama, huwa unaiweka sauti kubwa, majirani wote wakachangia mazungumzo. Haya hayafai kuchangiwa. Keziya akusomee taratibu, mkiwa wawili tu, na akifika mahali pagumu asiruke.

Naanza na vile vyungu vitatu. Uliponifinyangia mwaka jana ulisema kijana anayeishi peke yake asile kwenye masufuria yaliyobonyea kama mfungwa. Ulipouliza kama maharage yanaiva vizuri ndani yake, nilijibu kwamba yanaiva sana. Sikuwahi kupika hata mara moja. Ndani ya vyungu vile nafuga mende.

Usicheke bado, wala usikasirike. Hawa si mende wa jikoni. Wanaishi mashambani, chini ya marundo ya maganda ya kakao, na wanakula majani yaliyooza. Dume ni wa kahawia na mbawa zake zinafunika mgongo wote. Jike ni mweusi wa kung'aa, hana mbawa kabisa. Niliokota wawili siku niliyotumwa kutembelea wakulima, kwa udadisi tu, wakazaana hadi wakafika arobaini. Juu ya kila chungu nimefunga kipande cha chandarua. Baada ya kutwa nzima ya kupokea magunia na kugombezwa, kuwatazama wakisafisha papasi zao za kichwani kulinituliza. Sina maelezo mengine.

Mwezi uliopita mmoja wao alijivua gamba la mwisho akatoka na umbo ambalo sijaliona kwa mwingine. Ubavu wa kushoto ulikuwa wa kahawia, wenye mbawa. Wa kulia ulikuwa mweusi, mtupu. Mpaka ulipita katikati ya mgongo kama uliopigwa kwa rula. Nilidhani ni ugonjwa. Nikapiga picha, nikamtumia mtaalamu mmoja wa wadudu ambaye aliwahi kuja kufundisha wakulima wetu na kutuachia namba yake. Alinipigia muda huohuo. Aliniambia kwamba huyo ni dume na jike katika mwili mmoja, kila mmoja na upande wake, na kwamba katika miaka ishirini na mitano ya kazi hajawahi kumshika aliye hai. Aliniomba nimtunze kama yai, na kila siku nimpige picha kwenye mwanga wa jua. Mama, hakuna msomi aliyewahi kuniomba msaada tangu nizaliwe. Wiki hizo nilitembea nikijiona mrefu.

Sasa nikueleze kuhusu Mzee Ambilikile. Unamjua kwa jina: ndiye mwenye nyumba ninayopanga, na ndiye mtunza ghala wa chama chetu cha wakulima wa kakao. Ndiye aliyenidhamini nikapata ukarani. Mkewe, Mama Asifiwe, hataki nipike, hivyo nakula mezani kwao kila jioni kama mtoto wa nyumba.

Jumatatu Mama Asifiwe alitangaza kwamba anapuliza dawa ya kunguni vyumba vyote, changu pia, na kama nimeficha mchumba uvunguni nimtoe kabla hajaanza kukohoa. Nilicheka naye. Vyungu nilivihamishia kwenye kibanda cha kuni. Lakini yule mmoja sikuthubutu kumwacha karibu na dawa. Nilikuwa na kopo la plastiki nililolichukua ofisini, jeupe, lenye mfuniko. Nikatandika jani kavu ndani, nikamweka, nikaenda naye kazini.

Na Jumatatu ndiyo siku ya sampuli. Kabla ya mnada, karani huchoma magunia kwa bambo, yale machuma yenye mfereji, akatoa punje kidogo na kujaza kopo moja kwa kila kijiji. Akishajaza anaondoa mkono. Mtunza ghala ndiye anayefunga makopo na kuyatia lakiri, ili mtu mmoja asijaze na kufunga peke yake. Mwisho karani anabandika karatasi za majina ya vijiji, kwa kufuata mpangilio wa makopo mezani. Vijiji ni vinane, makopo ni manane. La tisa, la kwangu, lilikuwa pembeni ya meza hiyohiyo, karibu na dirisha lenye jua.

Saa nne hivi yule mtaalamu alipiga simu. Nilizungumza naye dirishani kwa muda mrefu. Nilipomaliza nilikuta makopo manane yamefungwa, yamepangwa. Nikabandika karatasi, la mwisho likiwa la Njisi. Kopo moja lilibaki bila lakiri. Nikalitia kwenye mfuko wangu nikarudi nalo nyumbani, nimefurahi. Jua lilikuwa bado halijazama nilipolifungua ili nimpe kipande cha ndizi. Ndani kulikuwa na kakao. Kakao nzuri, kavu, ya Njisi.

Jumanne mnada ulifanyika. Mimi sikuwapo, lakini meneja wetu, Bwana Andongwisye, ametusimulia mara nyingi kiasi kwamba naona kama nilikuwapo. Mnunuzi alivunja lakiri ya kopo la Njisi mbele ya watu, akaingiza vidole, na mende akampandia hadi ndani ya mkono wa shati. Watu walicheka sana. Walipomaliza kucheka, hakuna aliyetaka kakao ya Njisi, na wawili wakasema ghala letu lote likaguliwe kwanza. Magunia ya wakulima wale yamezuiwa hadi leo. Meneja alirudi na mende kwenye chupa ya jemu, akaiweka mezani kwake, hatua mbili kutoka kwangu. Kila anayeingia anaonyeshwa. Meneja anasema ghala lina unyevu mbaya kiasi kwamba hata mende ameoza upande mmoja. Watu wanatikisa vichwa. Mimi nainamia karatasi zangu, nasikia miguu yake ikikwaruza kioo.

Jana Mzee Ambilikile aliitwa mbele ya mwenyekiti na meneja. Aliulizwa nani alifunga kopo. Akajibu kwamba alifunga yeye. Akaulizwa kama alikagua ndani, akajibu hakukagua. Akaulizwa sampuli ya Njisi ameipeleka wapi, akasema hajui. Nje wakulima wa Njisi walikuwa wamejaa. Mama mmoja alimwambia mbele ya wote kwamba babu, macho yako yameshastaafu, na wewe yafuate ukachunge mbuzi. Mwingine akadakia kwamba mbuzi wenyewe atawafungia kwenye kopo. Mzee alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akapita katikati yao. Ametunza ghala lile miaka kumi na tisa. Kesho, Ijumaa saa nne, kikao cha wanachama kitakaa kumwondoa, na wapo wanaotaka apelekwe polisi kwa kuiba kakao ya sampuli.

Mimi niliagizwa kuandika taarifa ya mahojiano hayo ya jana. Niliandika kwamba kopo lilifungwa na mtunza ghala bila kukaguliwa. Maneno yote ni ya kweli, Mama, na taarifa nzima ni ya uongo.

Keziya, hapa ndipo pagumu. Soma polepole.

Mzee Ambilikile aliniuliza. Nilipokuwa dirishani na simu sikioni alinyanyua lile kopo, akalipima mkononi, akaniuliza mbona hili la mwisho jepesi. Sikugeuka. Mtaalamu alikuwa akiniambia jina langu linaweza kuandikwa kwenye jarida. Nilipunga mkono tu nikamwambia afunge, kakao ya Njisi siku hizi imekauka sana. Akafunga kwa sababu nimesema mimi.

Na si hilo tu. Jumatatu ile nilipofungua kopo nikakuta kakao, sanduku la sampuli lilikuwa bado ofisini. Gari lilikuwa liondoke alfajiri. Nilibonyeza namba ya meneja, nikaikata kabla haijaita. Nilijiambia pengine mende atajificha chini ya jani. Pengine hawatalifungua. Niliogopa watu wajue nafuga mende, Mama. Niliogopa kuchekwa. Hicho tu ndicho nilichokilinganisha na miaka kumi na tisa ya mtu.

Na yeye anakumbuka. Jana jioni mezani alinisogezea bakuli la samaki akauliza kama nimeshiba. Nilimfuata bombani alipokuwa akinawa, nikamuuliza kwa nini hakuwaambia kwamba ni mimi niliyemwambia afunge. Alifuta mikono. Akasema kazi ya anayefunga ni kufungua kwanza, na yeye hakufungua, basi hilo ni lake. Langu, akasema, nalijua mwenyewe. Akaniambia usiku mwema.

Ushahidi upo, na ninao mimi peke yangu. Kwenye simu yangu kuna picha ishirini na mbili za mende yule, na za kwanza zilipigwa wiki tatu kabla ya sampuli, juu ya ukingo wa chungu chako. Laiti angekuwa mende wa kawaida, nani angemtofautisha na wengine? Huyu hakuna anayeweza kumfananisha na mwingine, hata yule mama wa Njisi. Nikizionyesha, Mzee yuko huru, na magunia ya watu yanatoka. Nikizifuta, hakuna atakayejua kamwe. Mara mbili usiku wa kuamkia leo kidole changu kimekuwa juu ya neno futa.

Usidhani mwanao ni jasiri. Nimejichunguza, na najua kesho saa nne watu wakipiga kelele nitainama kwenye daftari langu na kuandika wanayosema, kwa mwandiko mzuri, hadi Mzee atakapoondolewa. Ndiyo maana leo nimefika ofisini kabla ya watu. Daftari la mihtasari lina kurasa zenye namba na mhuri wa chama. Ukurasa hauchanwi, na kila kikao meneja huanza kwa kusoma kwa sauti ajenda zilizoandikwa kwenye ukurasa wa siku hiyo. Nimeandika tarehe ya kesho. Chini yake nimeandika, kwa wino, kwamba ajenda ya kwanza ni karani Hebroni kueleza mende ni wa nani, na nani aliagiza kopo lifungwe. Nimetia sahihi. Kisha nimelifunga kabatini na ufunguo nimeuacha mezani kwa meneja, naye ameshautia mfukoni, siwezi kulifikia tena.

Kazi itaisha kesho, hilo halina shaka. Ya polisi sijui. Chumba sijui kama Mama Asifiwe ataendelea kunipa. Mtaalamu nimemwandikia kwamba mende ni kielelezo cha kikao, na kwamba hajala tangu Jumanne, hajanijibu.

Nisamehe kwa vyungu. Nisamehe zaidi kwamba habari hii itatajwa pamoja na jina lako huko sokoni Matema unakouza. Msalimie baba mdogo, na mwambie Keziya ndaga fijo kwa kusoma hadi hapa. Barua hii nampa Lazaro, anayerudi kwa mtumbwi wake Jumamosi. Usije huku kunitetea. Ukisikia habari kutoka kwa watu kabla hujaipata, jua kwamba hii niliiandika siku moja kabla yao, bila kuulizwa na mtu.

Mungu akulinde, Mama, na mgongo wako upone.

Ni mimi mwanao,
Hebroni,
karani hadi kesho saa nne.