Kwa Nini Ulipiga Kadi, Mama Akoth?

Kabiro, Kawangware
Jumapili jioni

Mama Akoth,

Najua barua haifiki huko kaburini, lakini nina swali na wa kuniambia ukweli ni wewe tu. Kwanza, Akoth hajambo. Anakaa na shangazi yake pale mtaa wa Olympic na amerefuka, sketi ya shule imekuwa fupi tena. Chumba chako cha mtaani Soweto kimeingia fundi wa nguo. Mvua ya El Niño ilipoisha, landlord aliweka mabati mapya, yale uliyomlilia miaka yote. Niliyaona nikacheka kwa hasira.

Sasa swali. Pale kiwandani, mtu akiitwa juu ofisini kwa kesi, alikuwa anakuja kwako kwanza. Hukuwa mkubwa wa chama cha wafanyakazi, ulikuwa unapakia biskuti kama mimi. Lakini ulikuwa na roho ya kukaa kando ya mtu akisomewa makosa yake. Na kila mara, kabla ya kupanda ngazi, ulienda kwa mashine ya mlangoni ukapiga kadi kama mtu ametoka kazini. Ukishuka, unapiga tena. Saa hiyo hukulipwa. Hata siku yangu, supavaiza aliposema nimeangusha trei makusudi, ulipiga. Nikajua ndiyo sheria. Sote tulijua hivyo.

Wiki jana aliitwa Rispa, ambaye hukumkuta. Aliandikwa baada yako, ana mtoto mchanga nyumbani. Kosa lake ni kuacha laini ya kupakia bila ruhusa, mara tatu, akakaa chooni. Alikuwa anaenda kukamua maziwa, Mama Akoth, kifua kinamuuma hadi machozi. Walitaka kumfuta kazi. Akazunguka akitafuta wa kuingia naye, na kila mtu akajifanya anahesabu katoni. Hata mimi, wacha nikwambie ukweli. Nilienda kwanza kwa karani wa kadi kumuuliza nitakatwa ngapi.

Karani akaniangalia kama mtu mgonjwa. Akatoa makubaliano ya chama na kampuni, akanisomea: anayemsindikiza mwenzake kwa kesi analipwa kama yuko kwa laini. Haikatwi hata dakika. Nikauliza imeanza lini. Akasema iko tangu zamani, na wewe alikuonyesha yeye mwenyewe.

Ulijua! Nikamwambia anisomee tena. Karani anasema alikuuliza mbona basi unapiga kadi, ukamwambia, "Nikiongea kwa saa yao, nitaongea nikiwaogopa."

Nimegeuza maneno hayo wiki nzima, nikiosha vyombo, nikiwa kanisani. Ilikuwa heshima au maringo? Maringo ulikuwa nayo, usikatae. Ama kuna siku walikwambia kitu huko juu ukatuficha? Ningependa sana kujua. Na nimekukasirikia pia, nisamehe. Tulikuona ukijikata mshahara, tukafikiri hiyo ndiyo bei ya kumsaidia mtu, na sisi wenye watoto na kodi tukakuachia peke yako. Kumbe hakukuwa na bei. Ungetuambia, tungekusaidia, usingechoka hivyo.

Alhamisi niliingia na Rispa. Kadi sikupiga. Meneja aliniuliza kama nimepiga, nikasema hapana, makubaliano yanasema niko kazini. Nikamwambia mtoto wa Rispa ana miezi miwili, na yeye meneja asimame aangalie koti la kazi la Rispa mbele, lilivyolowa maziwa. Alisimama, akaangalia, akarudi kukaa. Rispa alipewa barua ya onyo, na ruhusa ya dakika kumi asubuhi na mchana. Jana alikuwa kwa laini kama kawaida.

Wawili wameshakuja kuniuliza kama ni kweli mtu halipi kitu. Mama Wekesa amesema kesi ijayo ataingia yeye na mwenye kosa. Yule mwoga, unaweza kuamini?

Lala salama, rafiki yangu. Nimekumiss, na laini haina kelele tena bila wewe. Nitamwangalia Akoth, na mtu akiniita niingie naye nitaingia. Lakini kadi siipigi, na nitawaambia wote wasipige. Ulisema kweli, kwa saa yao mtu anaogopa. Niliogopa sana, nikaongea hivyo hivyo.

Nafula