Aliponiita Yosefu

Jumatano jioni, Uthiru. Baridi, na jua sijaliona tangu Jumapili.

Mke wangu amelazwa katika hospitali moja kule Westlands. Upande wake wa kulia hausogei na hawezi kutamka neno. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia.

Leo saa tatu asubuhi aliniita kwa jina. "Yosefu, chai iko mezani." Sisi Wakamba wa rika letu, mke hamwiti mumewe jina. Tangu tumpate kifungua mimba wetu mimi ni Baba Mutua, hata akiwa amenikasirikia. Nikahisi kuna kitu hakiko sawa.

Lakini nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Jibu lisilo na hatua nilikuwa nikilikata kwa wino mwekundu, hata likiwa sahihi. Basi nikaichukua simu, nikaiambia programu ya akili unde, hiyo AI, kwamba mke wangu leo si wa kawaida. Iliuliza vizuri, swali moja baada ya jingine. Uso umepinda? Mkono una nguvu? Anaongea sawasawa? Nikajibu kwa uaminifu kwamba vyote viko sawa. Ikasema huenda ni uchovu, nimwangalie.

Habari ya jina sikuiandika. Niliona hiyo si dalili, ni hisia tu.

Saa tisa alasiri kikombe kilimponyoka.

Hospitalini daktari aliniuliza, "Mzee, mara ya mwisho alikuwa sawa ni saa ngapi?" Nikamweleza habari ya jina. Akaacha kuandika. "Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa chache, mzee. Kama ilianza asubuhi, zimeshapita."

Binti yetu Ndinda hakupaza sauti. "Daddy, si ungenipigia tu? Hiyo ya jina ningeielewa hata nikiwa usingizini."

Niwaeleze, hasa ninyi niliowafundisha. Mashine ilifikiri vizuri juu ya kile nilichoipa. Na hisia yangu haikuwa kubahatisha. Ilikuwa miaka arobaini ya kusikiliza sauti moja, ikatoa jibu kabla sijaziona hatua. Hatua zilikuwapo. Mimi ndiye nisiyezitambua, nikalikata jibu kwa wino mwekundu.

Nani atanisahihishia hilo?

Kesho saa sita wanaruhusu kumwona. Nitakaa kushoto kwake, kwenye mkono unaohisi, nimsubiri aseme chochote.

Akianza na Yosefu, nitaitika.